Ghorofa Tisa Zilizokuwa Zikilipia Shimo: Uchambuzi wa Mgogoro wa Hoteli Kongwe

Majina ya hoteli, mji na wahusika yameondolewa, na vipimo vimekadiriwa. Muda unahesabiwa kwa miezi tangu ombi la kwanza la kibali; gharama zinatajwa kwa uwiano badala ya fedha.

Usuli

Hoteli inakabili uwanja mkuu wa mji mdogo. Jengo la mbele lina umri wa zaidi ya karne moja: urefu wa mita 36 kando ya barabara, kina cha mita 12, na ghorofa tatu juu ya ile ya chini. Kuta zake ni za matofali laini ya kuchoma yaliyojengwa kwa chokaa. Sakafu za juu ni mbao juu ya boriti, na paa la kenchi limeezekwa vigae. Nyuma yake kuna bawa la zege lililoongezwa miongo kadhaa baadaye kwa ajili ya jiko, stoo na vyumba 14. Bawa hilo halikuwahi kupendwa na mtu yeyote, na katika kisa chote ni jambo pekee ambalo pande zote zilikubaliana tangu siku ya kwanza.

Jengo la mbele lilikuwa na vyumba 48, kila kimoja cha mita za mraba 13 hivi, na bafu za pamoja mwisho wa korido. Ghorofa ya chini ilikuwa na ukumbi wa chakula wenye dari ya lipu iliyofinyangwa maua, na maduka sita madogo yaliyotazama barabara. Katikati ilipanda ngazi ya mbao, iliyo wazi kutoka mapokezi hadi ghorofa ya juu kabisa.

Hoteli ilifungwa kwa miaka tisa; maduka yaliendelea. Jengo lilikuwa kwenye orodha ya mji ya majengo ya kale, hadhi iliyolipatia baraza la mji haki ya kukataa ubomoaji lakini haikumpa mtu yeyote hata senti ya kulitunza. Mpangilio huo wa kulinda bila kuhudumia ni wa kawaida, na ndio unaozaa migogoro mingi ya aina hii: mwenye mali anasubiri, mji unasubiri, na paa halisubiri.

Ombi la kwanza

Mwekezaji aliyenunua hoteli aliomba kubomoa kila kitu isipokuwa ukuta wa mbele, kisha kujenga ghorofa tisa zenye vyumba 130 juu ya maegesho ya ngazi mbili chini ya ardhi kwa magari 80. Ombi liliambatana na picha ya kompyuta yenye anga la buluu na ripoti ya mhandisi ya kurasa sita. Ripoti ilitumia neno "hatarishi" mara kumi na moja na haikuwa na kipimo hata kimoja. Ukaguzi ulikuwa umefanywa kwa siku moja, kwa macho, bila kufungua sakafu wala kupanda darini.

Wapinzani nao walikuja na saini nyingi na picha za harusi zilizofanyika ukumbini. Hawakuwa na kipimo pia.

Mkutano wa hadhara wa mwezi wa 2 ulichukua saa tatu. Upande mmoja ulisema jengo linakufa na mji unahitaji ajira. Upande wa pili ulisema historia haiuzwi. Hoja zote mbili zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyoweza kukaguliwa. Baraza liliahirisha uamuzi kwa miezi minne ili kutafuta maoni zaidi.

Kuahirisha huko kulikuwa kosa la kwanza kubwa, kwa sababu ya jambo ambalo halikuandikwa kwenye azimio. Paa la mbele lina miteremko miwili inayokutana juu ya ukuta wa nyuma, na katikati yake kuna mfereji uliojificha usioonekana kutoka chini. Mfereji ulikuwa umeziba kwa majani na vinyesi vya njiwa, na maji yalikuwa yakimwagikia ndani ya ukuta. Kuuzibua na kuutandika lami ya dharura kungekuwa kazi ya mafundi wawili kwa siku tatu. Hakuna aliyeamriwa kuifanya. Mwezi wa 5, baada ya wiki ya mvua, theluthi moja ya dari ya ukumbi wa chakula ilianguka usiku. Methali ya ufa na ukuta hapa ilikuwa imegeuka hesabu: siku tatu za mafundi wawili dhidi ya miezi saba ya kufinyanga dari upya.

Anguko hilo lilitumiwa na pande zote mbili. Mwekezaji alilionyesha kama ushahidi kwamba jengo limekwisha. Wapinzani walisema limeachwa makusudi lioze. Kwa uamuzi wenyewe, swali la nia halikuwa na faida. Swali lenye faida lilikuwa maji yamefika wapi.

Puto

Kabla ya kufika huko, kulikuwa na jaribio moja la mwezi wa 3 linalostahili kuigwa. Picha ya kompyuta ilionyesha jengo jipya likiwa limefifia nyuma ya miti. Ofisa wa mipango miji aliagiza puto jekundu la kipenyo cha mita moja lipandishwe kwa kamba hadi mita 30, kimo cha ghorofa tisa, mahali ambapo kona ya jengo ingekuwa. Walipanga vituo vinane vya kupigia picha, vilivyokubaliwa na pande zote mapema, kamera ikiwa kwenye kimo cha macho, mita 1.6, na lenzi ya milimita 50 ili picha isivute wala kusukuma umbali.

Jaribio la kwanza liliharibika kwa sababu lilifanywa mchana: upepo ulilalia kamba na puto likashuka mita kadhaa, na picha zikadanganya kwa faida ya mwekezaji. Lilirudiwa alfajiri, kamba ikiwa wima, na kamba ya pili ikipimwa pembeni. Kutoka vituo sita kati ya vinane, puto lilionekana juu ya mnara wa saa wa uwanja. Mjadala juu ya "kufifia nyuma ya miti" uliishia hapo. Gharama yake yote ilikuwa gesi, kamba na asubuhi mbili.

Kufungua jengo

Mwezi wa 6 baraza liliajiri mhandisi wa majengo ya kale. Mwekezaji alilipa, lakini fedha zilipitia akaunti ya baraza na ripoti ilikuwa mali ya baraza. Kabla hajagusa kitu, pande zote zilisaini orodha ya mahali pa kufungua: matundu 28 kwenye sakafu, dari na kuta, pamoja na mashimo manne kando ya msingi. Orodha hiyo iliyosainiwa mapema ndiyo iliyofanya matokeo yakubalike baadaye, maana hakuna aliyeweza kusema mhandisi alichagua pabaya au pazuri.

Kazi kubwa ilikuwa vichwa vya boriti, yaani ncha zinazoingia ndani ya ukuta. Boriti ya mbao huweza kuwa nzima mita tano na kuoza sentimita thelathini za mwisho, na hizo thelathini ndizo zinazobeba mzigo. Njia ya kukagua haina ufundi mkubwa: inua ubao wa sakafu kando ya ukuta, safisha vumbi, pima unyevu kwa kifaa cha sindano mbili, kisha sukuma bisibisi kwa mkono. Mbao kavu ndani ya jengo husoma asilimia 12 hadi 15. Ikizidi 20 na kudumu hapo, kuvu huanza kula. Kwenye ukuta wa mbele bisibisi iliteleza juu ya mbao bila kuingia. Kwenye ukuta wa nyuma, ghorofa ya juu, iliingia hadi mpini, na ilipotolewa ilikuja na unga wa kahawia uliokatika vipande vya mraba kama biskuti.

Vichwa 240 vilikaguliwa na 34 vilikuwa vimeoza. 29 kati ya hivyo vilikuwa kwenye ukuta wa nyuma, chini ya ule mfereji. Ramani ya uozo ilikuwa kivuli cha mfereji. Kumbe jengo lilikuwa na ugonjwa mmoja wenye chanzo kimoja, na sehemu zilizobaki zilikuwa karibu zote nzima. Sentensi hiyo ndiyo iliyobadilisha mwelekeo wa mjadala. Ripoti ya kwanza ilishindwa kuisema kwa sababu ilitazama kutoka barabarani.

Mashimo ya msingi yalitoa habari ya pili. Kuta zilisimama juu ya mawe yaliyopangwa, kina cha mita 1.2 tu, na maji ya ardhini yalikutwa kwenye mita 2.8. Maegesho ya ngazi mbili yangehitaji kuchimba zaidi ya mita sita.

Ukuta wa mbele usiolingana na sakafu

Wakati huohuo msanifu wa baraza aliweka michoro ya mwekezaji juu ya vipimo vya jengo lililopo, jambo ambalo lingepaswa kufanywa siku ya kwanza. Sakafu za zamani ziko mita 4.8, 9.0 na 13.2 kutoka ardhini. Madirisha yana kimo cha mita 2.6 na huanza sentimita 80 juu ya sakafu. Mwekezaji alipanga ghorofa ya chini ibaki na mita 4.8, na za juu ziwe na mita 3.2 kila moja. Sakafu zake zingefika mita 4.8, 8.0, 11.2 na 14.4.

Safu ya pili ya madirisha huanzia mita 9.8 hadi 12.4. Sakafu mpya ya mita 11.2 ingepita karibu katikati yake. Kwenye safu ya kwanza sakafu ingegonga sentimita 20 chini ya ncha ya juu ya dirisha, na kwenye safu ya tatu sentimita 40 juu ya kizingiti chake. Nje, ukuta uliohifadhiwa ungekuwa na madirisha yenye ubapa wa zege nyuma ya kioo. Ndani, mgeni angeamka akitazama nusu ya chini ya dirisha moja akiwa amelala, na mwenzake wa juu angeona nusu iliyobaki usawa wa magoti.

Hili ndilo tatizo la kudumu la kuhifadhi uso wa jengo peke yake, na halizungumzwi vya kutosha. Uso ulichorwa kwa dari ndefu. Faida ya mwekezaji inatokana na dari fupi. Mara nyingi viwili hivyo havikutani. Juu ya hapo, ukuta wa mita 36 unaobaki peke yake unahitaji kushikiliwa na fremu ya chuma iliyosimama barabarani. Kwa mradi huu fremu ingefunga njia moja ya uwanja kwa miezi 14.

Shimo

Kikundi kazi cha watu saba kiliundwa mwezi wa 7: madiwani wawili, mwekezaji na mkadiriaji majenzi wake, mhandisi, ofisa wa mipango miji, na mwakilishi mmoja wa wapinzani. Mwenye kuuliza swali lililofungua fundo alikuwa huyu wa mwisho, na swali lilikuwa jepesi: kwa nini ghorofa ziwe tisa? Zikiwa sita je?

Mkadiriaji alifungua jedwali lake. Ili mradi urudishe mkopo, ulihitaji angalau vyumba 124. Kati ya kila sehemu 100 za gharama ya ujenzi, 23 zilikwenda kwenye maegesho ya chini ya ardhi, kwa sababu ya kuchimba chini ya maji, kuta za kuzuia maji, pampu za kudumu, na kushikilia misingi ya majirani. Maegesho yakiondolewa, idadi ya vyumba vya kurudisha mkopo ilishuka hadi 86.

Kwa nini basi maegesho yawepo? Kanuni ya mji ilidai nafasi moja ya gari kwa kila mita 80 za mraba za sakafu, "ndani ya kiwanja". Mradi ulikuwa na mita 6,400, hivyo nafasi 80. Kiwanja hakikuwa na pa kuziweka isipokuwa chini. Kuchimba chini kulimaanisha jengo la mbele, lenye msingi wa mita 1.2, haliwezi kubaki bila gharama kubwa. Na gharama ya shimo ilidai ghorofa tisa.

Kwa maneno mengine, kilichokuwa kikibomoa hoteli ilikuwa kanuni ya baraza lenyewe. Madiwani waliosimama mkutanoni kuitetea hoteli walikuwa wameipitisha kanuni hiyo bila kufikiria majengo ya kale. Si wao tu. Los Angeles ilikutana na fundo hilohilo katikati ya jiji, na kanuni yake ya mwaka 1999 ya kubadilisha matumizi ya majengo ya zamani iliyaondolea sharti la kuongeza maegesho mapya. Baada ya hapo majengo mengi yaliyokaa tupu yaligeuzwa makazi. Buffalo, katika jimbo la New York, iliondoa viwango vya chini vya maegesho mwaka 2017.

Baraza hapa halikufika mbali hivyo. Liliruhusu maneno "ndani ya kiwanja" yasomeke "ndani ya mita 300" kwa majengo yaliyo kwenye orodha ya kale. Eneo la maegesho la ofisi lililo umbali wa mita 250, tupu kila jioni, lilikodishwa kwa nafasi 40. Nyingine 20 ziliwekwa uani.

Njia nne

Kikundi kililinganisha njia nne kwa vigezo vilevile: vyumba, gharama, kinachobaki cha zamani, na hatari.

Njia ya kwanza ilikuwa ombi la awali. Ya pili ilikuwa kukarabati tu bila kujenga kipya. Ilipendwa na wapinzani wengi lakini ilitoa vyumba 35 na haikukaribia kurudisha mkopo. Ilifaa kuandikwa hata hivyo, maana bila tarakimu zake watu wangeendelea kuamini inawezekana.

Ya tatu ilikuja kutoka kwa mwekezaji kama suluhu: kubomoa yote, kisha kuijenga upya ngazi na ukumbi wa chakula ndani ya jengo jipya. Mfano maarufu wa fikra hii ni Hoteli ya Imperial ya Tokyo iliyosanifiwa na Frank Lloyd Wright. Ilifunguliwa mwaka 1923, ikabomolewa 1968, na sehemu yake ya kuingilia ikajengwa upya Meiji-Mura, makumbusho ya wazi karibu na Nagoya. Anayekwenda huko anaona kazi nzuri ya mikono, ila haioni Tokyo. Kikundi kilikataa njia hii kwa sababu hiyo na kwa nyingine ya kifundi zaidi: dari ya lipu haihamishiki. Ingekuwa nakala.

Ya nne ndiyo iliyochaguliwa: kubaki na jengo lote la mbele, kubomoa bawa la zege, na kujenga jengo jipya la ghorofa sita lililoachana na la zamani kwa mita 9, likiunganishwa na daraja la kioo ghorofa ya kwanza. Kimo chake ni mita 20 pamoja na mitambo. Mgongo wa paa la zamani uko mita 21.5. Jipya halikuiga la zamani. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ule wa kimataifa juu ya kuhifadhi majengo ya kale, unataka nyongeza zijulikane kuwa nyongeza, na hapa kanuni hiyo ilipunguza gharama pia, kwa kuwa madirisha ya kuiga ni ghali.

Hesabu ya vyumba: 48 vya mbele viliunganishwa viwili viwili vikawa 24, kisha kimoja kwa kila ghorofa kikatolewa kwa ngazi ya pili ya kutorokea moto. Vikabaki 21. Jengo jipya lilitoa 75. Jumla 96, kumi zaidi ya 86. Baraza lilipitisha kwa kura 7 dhidi ya 5 mwezi wa 11.

Masharti ya kibali

Masharti yalikuwa kumi na moja; matatu yalibeba uzito.

La kwanza ni mpangilio wa kazi: paa la mbele na mfereji vitengenezwe na kukaguliwa kabla bawa la nyuma halijaguswa. La pili: hakuna ubomoaji wowote kabla mkataba wa ujenzi haujasainiwa na dhamana ya benki kuwekwa, ili mji usibaki na kiwanja kitupu fedha zikikauka. La tatu: mkandarasi ajenge kipande cha mfano cha mita moja ya mraba cha kazi ya chokaa, kikubaliwe, na kibaki ukutani hadi mwisho kama kipimo.

Ujenzi ulivyokwenda

Vichwa vya boriti vilivyooza vilikatwa hadi kwenye mbao nzima, na zaidi ya hapo sentimita 30, kisha vikaungwa kwa mbao mpya na bamba za chuma zilizofungwa kwa bolti. Ncha mpya hazikugusana na ukuta moja kwa moja. Ziliachiwa nafasi ya hewa pande zote na karatasi ya kuzuia unyevu chini. Kuziba tundu kwa saruji, kama mafundi wengi wanavyopenda, ni kuifungia boriti ndani ya chupa.

Mabafu mapya yalipangwa moja juu ya jingine, na kila moja likawekwa juu ya jukwaa la sentimita 15 ili mabomba yapite juu ya boriti. Sharti hili lilizua malalamiko juu ya kidato cha kujikwaa mlangoni, lakini mbadala wake ni fundi bomba kukata boriti. Boriti iliyokatwa robo ya kina chake katikati hupoteza karibu nusu ya nguvu.

Ngazi iliyo wazi ilikuwa hatari ya kweli ya moto, kwani hufanya kazi kama bomba la moshi. Haikuzungushiwa ukuta. Kila ghorofa iliwekewa milango ya kioo kisichopitisha moto, iliyorudishwa nyuma hadi mdomo wa korido, ikishikiliwa wazi na sumaku zinazoachia king'ora kinapolia. Milango ya zamani ya vyumba ilibaki, ikiwa na vipande pembeni vinavyovimba kwa joto, na vinyunyizi vya ukungu wa maji vikafungwa.

Msingi wa jengo jipya ulichimbwa kwa nguzo za kutoboa badala ya kugongwa, ili mtikisiko usifike kwenye kuta za chokaa. Vipimo vya nyufa vilifungwa miezi mitatu kabla, maana bila kujua ukuta hucheza kiasi gani kwa joto na baridi ya kawaida, huwezi kujua uchimbaji umesababisha nini. Kazi ilitakiwa kusimama ikifika milimita 5. Kipimo cha juu kabisa kilichosomwa kilikuwa 2.

Kosa la ujenzi lilitokea pasipotarajiwa. Kipande cha mfano kilikubaliwa: chokaa kimoja kwa mchanga mitatu, viungo vikakwanguliwa kina cha mara mbili ya upana wake, magunia mabichi yakafunika ukuta kwa wiki nzima. Lakini ukuta wa pembeni, unaotazama kichochoro, ulipewa mkandarasi mdogo ambaye hakuwahi kuonyeshwa mfano. Alijaza mita za mraba 40 kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali laini na haipitishi unyevu, hivyo maji hutoka kupitia tofali, yakiacha chumvi nyuma ya uso wake. Baada ya wiki chache ukuta ulitoka unga mweupe, na nyuso za matofali zikaanza kubanduka. Kuitoa saruji kulihitaji patasi na nyundo kwa wiki tatu. Mashine ya kukata ingemaliza kwa siku nne na kula kingo za matofali yote.

Matokeo

Hoteli ilifunguliwa mwezi wa 38. Gharama za jengo la mbele zilizidi makadirio kwa asilimia 14. Zile za jengo jipya hazikuzidi. Sababu kuu ni vichwa vya boriti: 34 vilivyokutwa kwenye ukaguzi vilikuwa 51 sakafu zilipofunguliwa zote. Akiba ya dharura ilikuwa asilimia 10. Kwa jengo la mbao lililovuja kwa miaka tisa, asilimia 20 ndiyo pa kuanzia.

Dari ya ukumbi ilirudi, maua yake yakifinyangwa kwa kalibu zilizochukuliwa kwenye theluthi mbili zilizobaki. Sauti ya nyayo kati ya ghorofa za mbao bado husikika vyumba vya mbele, licha ya mchanga mkavu na mkeka wa pamba uliowekwa kati ya boriti.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Puto, matundu 28 na jedwali la mkadiriaji vilifanya jambo lilelile: viligeuza msimamo kuwa kipimo. Hata hivyo havikuwa na uzito sawa. Puto liliondoa picha ya uongo, matundu yaliondoa neno "hatarishi", lakini ni jedwali pekee lililoonyesha kwamba mgogoro wenyewe ulikuwa umekaa mahali pengine. Kama kikundi kingeanza na jedwali mwezi wa 2, huenda ombi la ghorofa tisa lisingefika mkutanoni. Mwekezaji alikuwa radhi kulifungua, hakuna aliyemwomba. Wapinzani walidhani ni siri ya biashara, na maofisa walidhani si kazi yao.

Kuahirisha bila kuamuru mfereji uzibuliwe kulikuwa uzembe wa baraza, na lilikuwa na mamlaka ya kuamuru. Azimio lolote la kusubiri juu ya jengo tupu linapaswa kubeba mistari minne: paa lizuie maji, mifereji isafishwe, madirisha yazibwe huku yakipitisha hewa, na mtu aliyetajwa kwa cheo akague kila mwezi. Sharti la kipande cha mfano nalo lilikuwa zuri likaandikwa vibaya. Lilimfunga mkandarasi mkuu, wakati mwenye mwiko mkononi alikuwa mwingine.

Kuna kundi ambalo mjadala mzima haukulitaja. Maduka sita ya ghorofa ya chini yalipewa notisi ya miezi mitatu. Wapangaji hawakuwa na mwakilishi kwenye kikundi kazi, na kibali hakikuwa na sharti hata moja juu yao. Fundi viatu na fundi saa hawakurudi. Kodi mpya ilikuwa zaidi ya mara mbili. Maduka mawili tu kati ya sita yalirejea. Wapinzani walioandika mengi juu ya roho ya uwanja walikuwa wakizungumzia madirisha.

Na lipo la maegesho. Mkataba wa nafasi 40 ni wa miaka 15, mkopo wa hoteli ni wa 20. Kibali hakisemi nani atatafuta nafasi nyingine mkataba ukiisha, wala kama hoteli itahesabiwa imevunja kanuni siku hiyo. Ofisa wa mipango miji alipendekeza kifungu cha kulishughulikia. Kiliondolewa jioni ya kura ili kupata wingi.